Kutafuta ndani ya tiketi nzima, si kichwa chake tu: PostgreSQL kwa dawati la msaada

Kichwa cha tiketi (ombi la msaada pamoja na ujumbe wake wote) kinasema "HELP" au "Msaada haraka", na jibu lenyewe limezikwa kwenye ujumbe wa nane. Ukitafuta vichwa pekee hulipati. Mwongozo huu ni wa dawati ambalo tiketi zake zimo kwenye hifadhidata ya PostgreSQL toleo la 12 au jipya zaidi. Kwa tiketi laki kadhaa hiyo inatosha, kwa hiyo usijitwike mzigo wa seva ya pili ya utafutaji kabla hujaona hii ikishindwa.

Jambo la kwanza, usiweke faharasa (index, inayoharakisha utafutaji) kwenye kila ujumbe peke yake. Mteja anataja "printa" kwenye ujumbe wa kwanza, na fundi anataja "Westlands" kwenye wa nne. Anayetafuta maneno yote mawili hatapata kitu, kwa sababu hayakai pamoja popote. Tengeneza jedwali la pembeni lenye mstari mmoja kwa kila tiketi:

```sql
CREATE EXTENSION pg_trgm;
CREATE TABLE utafutaji (
  tiketi_id bigint PRIMARY KEY
    REFERENCES tiketi(id) ON DELETE CASCADE,
  mada text,
  maandishi text,
  tsv tsvector GENERATED ALWAYS AS (
    setweight(to_tsvector('simple', coalesce(mada,'')), 'A') ||
    setweight(to_tsvector('simple', coalesce(maandishi,'')), 'D')
  ) STORED
);
CREATE INDEX ON utafutaji USING gin (tsv);
CREATE INDEX ON utafutaji USING gin (maandishi gin_trgm_ops);
```

Neno `'simple'`, linaloacha maneno bila kuyakata miisho, usiliache. Ukiliacha, PostgreSQL itakataa kuunda safu ya `tsv`, maana matokeo yangetegemea mpangilio wa seva. Na usiweke `'english'` mahali pake: inakata miisho ya maneno kwa kanuni za Kiingereza na kutupa yale inayoyaona hayana maana. Tawi lenu la Same, Tanzania, litatoweka kabisa, kwa kuwa "same" ni mojawapo ya maneno hayo.

Kujaza jedwali ni kazi ya skripti ya cron (kipanga ratiba cha Linux) inayopita kila dakika na kuchukua tiketi zenye ujumbe mpya, si triga, yaani amri inayojiendesha ndani ya hifadhidata ujumbe unapoingia. `tsvector` moja, yaani orodha ya maneno ya tiketi yanayotafutwa, haiwezi kuzidi takriban MB 1. Mtu akibandika logi ndefu, triga itagoma na ujumbe wa mteja utakataliwa pamoja nayo. Skripti ikigoma, mteja hajui. Hata hivyo, kata maandishi kwenye herufi 300,000 kabla ya kuyaingiza. Tiketi za zamani zijaze 1,000 kwa mkupuo.

Kusafisha ndiko kunakoamua kama utafutaji utaaminika. Geuza HTML iwe maandishi matupu, na fungua usimbaji wa barua pepe; ukiona `=20` na `=3D` kwenye matokeo, hatua hiyo umeiruka. Ondoa mistari inayoanza na `>` (nukuu za barua zilizotangulia), saini za mwisho wa barua, na lile tangazo refu la usiri chini ya kila barua, la sivyo "confidential" italeta kila tiketi ofisini. Namba za simu zipe sura moja: iwe imeandikwa kwa 07, 01 au +254, iwe na nafasi au haina, itoke ikiwa 254 na tarakimu tisa.

Kistari nacho ni mtego. "HP-1020" husomwa kama `hp` na `-1020`, yaani hasi, hivyo anayeandika 1020 anaambulia patupu. Badilisha kistari kilicho kabla ya tarakimu kiwe nafasi. Anachoandika mtafutaji nacho kipitishe kwenye usafishaji wa simu na vistari uleule, la sivyo pande mbili hazitakutana.

Sasa Kiswahili chenyewe. PostgreSQL haina kamusi yake, na maneno yetu hubadilika mwanzoni: imekwama, zimekwama, inakwama, ilikwama. Kwa `tsv` hayo ni maneno manne yasiyojuana, na `kwama:*` haisaidii kwa kuwa inashika mwanzo wa neno tu. Hapa ndipo inapolipa `pg_trgm`, nyongeza inayovunja maneno kuwa vipande vya herufi tatu tatu:

```sql
SELECT tiketi_id FROM utafutaji
WHERE maandishi ILIKE '%kwam%';
```

Wafundishe wenzako kuandika mzizi: `kwam`, `shik`, `fung`. "Haishiki" na "imeshika" zitaingia zote. Njia hiyo hiyo hupata kipande cha msimbo wa M-Pesa mteja alipoukata katikati. Mzizi uwe na herufi tatu au zaidi; chini ya hapo faharasa haisaidii na hoja (query, yaani swali kwa hifadhidata) inaburuta. Tena faharasa hii hula diski, inaweza hata kupita ukubwa wa maandishi yenyewe.

Hoja kuu ianze na `tsv`, kama hapa chini; matokeo yakiwa machache, ifuate ile ya mzizi. `$1` ni maneno ya mtafutaji, `$2` ni idara anazoruhusiwa kuziona:

```sql
WITH bora AS (
  SELECT u.tiketi_id, u.maandishi, q, ts_rank(u.tsv, q) AS cheo
  FROM utafutaji u
  JOIN tiketi t ON t.id = u.tiketi_id,
  websearch_to_tsquery('simple', $1) q
  WHERE u.tsv @@ q AND t.idara = ANY($2)
  ORDER BY cheo DESC LIMIT 20
)
SELECT tiketi_id, ts_headline('simple', maandishi, q)
FROM bora ORDER BY cheo DESC;
```

`ts_headline` husoma maandishi yote upya, ndiyo maana imewekwa baada ya kubaki tiketi 20. `websearch_to_tsquery` haigomi mtu akisahau kufunga alama ya nukuu.

Kichujio cha idara kisitoke ndani ya hoja. Watu huandika nywila na namba za kitambulisho kwenye tiketi, na ukichuja baadaye kwenye ukurasa, idadi ya matokeo tayari imeshavuja. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, nakala iliyo kwenye `utafutaji` ni data kama nyingine: ujumbe mmoja ukifutwa, mstari wa tiketi hiyo ujengwe upya.

Skrinshoti zipitishe kwenye Tesseract, programu inayosoma maandishi ndani ya picha, kwa `-l swa+eng`, na PDF zenye maandishi kwenye `pdftotext`. Mwishowe endesha `EXPLAIN`, inayoonyesha jinsi hoja itakavyotekelezwa, na utafute "Bitmap Index Scan", dalili kwamba faharasa inatumika. Jedwali likiwa na mistari mia chache utaona "Seq Scan", yaani kusoma jedwali zima. Hilo si kosa, jaribu tena likishajaa.