Mbuga Kwanza, Bahari Baadaye: Namna ya Kupanga Likizo ya Serengeti na Zanzibar kwa Familia Inayotoka Mbali

Familia nyingi zinazoishi Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, zinapopanga kuja Tanzania kuwaonyesha watoto wanyama na bahari, huanza na tiketi za ndege kwa sababu ndizo zinazouma mfukoni, kisha hulazimisha mambo mengine yote yaingie ndani ya tarehe zilizokwisha lipiwa. Matokeo yake ni kufika Seronera, katikati ya Serengeti, wakati nyumbu wamekwisha hamia Mto Mara, au kufika Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, mvua za masika zikiwa zimekolea na nusu ya hoteli zimefungwa. Ushauri wangu ni kugeuza utaratibu huo: chagua mwezi, halafu njia, na tiketi iwe ya mwisho.

Kuchagua mwezi ni kuamua unataka kuona nini. Kuanzia mwishoni mwa Januari hadi mapema Machi nyumbu huwa kusini, kwenye nyanda za majani mafupi kati ya Ndutu na Naabi, ambako udongo wa majivu ya volkano huotesha majani yenye madini mengi, na hapo ndipo wanapozalia. Ndama husimama dakika chache tu baada ya kudondoka, naye duma huwa hayuko mbali. Anayetaka kuwaona wakivuka Mto Mara hana budi kuja kati ya Julai na Septemba na kulala kaskazini mwa hifadhi, si Seronera. Miezi hiyo ya kiangazi ndiyo pia hifadhi ya Tarangire inapojaa tembo, kwa kuwa maji hukauka kwingine na makundi hukusanyika mtoni. Masika, yaani Machi hadi Mei, bei hushuka na barabara za ndani huwa tope. Kwa familia yenye watoto wadogo singeshauri.

Kalenda ya Kiislamu nayo itazamwe mapema, jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamekwisha fika. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza mapema mwezi Februari, yaani katikati kabisa ya msimu wa kuzaa kwa nyumbu. Zanzibar wakati huo migahawa mingi ya mitaani hufungwa mchana, na si adabu kula wala kunywa hadharani. Anayefunga atafurahia futari ya Unguja kuliko hoteli yoyote. Asiyefunga na mwenye watoto ajue kwamba chakula cha mchana atakipata zaidi ndani ya hoteli.

Mwezi ukishajulikana, weka mbuga mwanzoni na bahari mwishoni. Shemeji yangu aliwahi kufanya kinyume, akiamini kwamba watoto wangepumzika kwanza ufukweni kutokana na uchovu wa ndege. Siku ya sita tukawa ndani ya Land Cruiser kwenye barabara ya vumbi kutoka Ngorongoro kwenda Naabi, watoto wawili migongo imebabuka kwa jua la Kendwa, kila gari likirukaruka wanalia, na simba waliolala chini ya mgunga hatua chache kutoka dirishani hakuna aliyewatazama. Mbugani huamka saa kumi na moja alfajiri na kukaa garini siku nzima. Hiyo ni kazi, na kazi hutangulia mapumziko.

Kwa njia ya mbuga za kaskazini, yaani Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, siku kumi bila kuhesabu za ndege ndicho kiwango ninachokiona cha chini: usiku tano au sita mbugani, na zinazobaki pwani. Chini ya hapo ni afadhali kuiacha Serengeti, kwa kuwa kutoka Arusha hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 300, na lami inaishia lango la Ngorongoro. Tafuta tiketi inayoingilia uwanja wa Kilimanjaro na kutokea Zanzibar, ambayo mara nyingi haizidi sana ile ya kwenda na kurudi kwa uwanja mmoja, lakini inakuokolea siku nzima. Vilevile, ukiweza kupanda ndege ndogo kutoka ndani ya Serengeti badala ya kurudi kwa gari, fanya hesabu kabla ya kuona ni anasa. Kibali cha hifadhi huhesabiwa kwa saa 24, na gari linalokwenda Serengeti kupitia Ngorongoro hulipia Ngorongoro wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Ongeza mafuta, malazi ya njiani na posho ya dereva, na tofauti na nauli ya ndege huenda ikawa ndogo kuliko ulivyodhani.

Ada ndiyo sehemu ambayo makampuni ya utalii huandika kwa ufupi kupita kiasi. Usikubali bei moja ya jumla. Omba mchanganuo unaotenganisha ada ya hifadhi kwa kila mtu, ada ya kulala, gari, dereva na chakula. Ada ya kushuka kreta ya Ngorongoro, yaani lile shimo kubwa la volkano, hulipwa kwa gari, si kwa kichwa, kwa hiyo ndugu wawili wakichangia gari moja hugawana gharama hiyo. Mwananchi wa nchi ya Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni, lakini getini kinachotazamwa ni kitambulisho, si jina wala Kiswahili chako. Mama mwenye pasi ya Tanzania na watoto wenye pasi za Ujerumani watalipa viwango viwili tofauti ndani ya gari moja, na ni bora kampuni ilijue hilo tangu siku ya kwanza.

Hati zote za kusafiria ziwe na uhai wa angalau miezi sita. Viza huombwa mtandaoni. Cheti cha homa ya manjano hudaiwa kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, zikiwemo Kenya, Uganda na Ethiopia, kwa hiyo anayepitia Nairobi kusalimia jamaa kwa siku tatu anakihitaji hata kama safari yake ilianzia London. Chanjo ichomwe siku kumi kabla. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar humtaka mgeni wa kigeni awe na bima yake yenyewe, ya dola 44, hata kama ana bima nyingine kutoka kwao. Kuhusu malaria, wasilianeni na daktari mapema, na msidanganyike kwamba aliyezaliwa Tanga bado ana kinga baada ya miaka 15 ya baridi ya Oslo.

Mizigo ni jambo dogo linaloharibu safari. Ndege ndogo za mbugani kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa mtu, ndani ya begi laini, kwa sababu sanduku gumu haliingii kwenye sehemu ya mizigo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019. Nguo za buluu na nyeusi ziacheni kwa siku za pwani, kwani mbung'o huzifuata rangi hizo. Chukueni masweta ya kweli: ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Julai utawaona hata madereva wamejifunga shuka za Kimasai shingoni wakipuliza chai.

Upande wa bahari, uamuzi mkubwa si hoteli bali maji. Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa Unguja hufika takriban mita nne wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Pwani ya mashariki, Paje, Jambiani au Matemwe, siku hizo maji hukauka mnamo saa nne au saa tano asubuhi, bahari ikarudi hadi karibu na mwamba. Kwa aliyekuja kuogelea hilo ni hasara. Kwa aliyekuja kutazama ni neema, maana ndio muda wanawake wanaposhuka na kamba zao kwenye mashamba ya mwani, na mtoto aliyevaa viatu vya mpira anaweza kutembea kando yao akaona pweza, kaa na nyota za bahari. Nungwi na Kendwa, kaskazini, unaweza kuogelea karibu muda wowote. Basi tazama mwezi kabla ya kulipia chumba: ukifika mashariki siku za maji mafu, yaani zile ambazo maji hayajai wala kupwa sana, utaogelea bila shida, na ukiangukia bamvua jiwekee nusu ya siku zako kaskazini. Mwenye muda zaidi, akija kati ya Oktoba na Machi, afikirie kisiwa cha Mafia, ambako papa potwe, samaki mkubwa mno asiyeshambulia watu, huja karibu na pwani na watu huogelea naye.

Usiku wa mwisho ulale Mji Mkongwe, uwanja wa ndege ukiwa karibu na urojo ukiwa karibu zaidi. Kama ndege yako inaondokea Dar es Salaam, vuka siku moja kabla. Boti ya kasi huchukua saa mbili hivi, lakini miezi ya upepo wa kusi bahari huchafuka na ratiba huweza kubadilika. Na pasi zikae mkononi, zisifungiwe ndani ya begi, kwa kuwa mgeni hukaguliwa anapoingia Zanzibar hata kama ametokea Dar es Salaam.