Picha za maabara kwenye makala ya saratani ya ovari: namna ya kuziandaa bila kuficha kitu

Mhakiki wa jarida akiomba picha asilia ya jeli (ute mgumu unaotenganisha protini kwa ukubwa), uweze kuitoa siku hiyohiyo. Kazi hiyo huanza mashineni, muda mrefu kabla ya kuandika makala.

Hatua ya 1. Hifadhi picha kama TIFF, aina ya faili inayotunza data yote, ifunge isibadilishwe, kisha fanyia kazi nakala. JPEG hutupa sehemu ya data kila inapohifadhiwa upya. Jina la faili libebe tarehe, aina ya seli, protini na sekunde za mwanga, yaani muda ambao kamera ilipokea mwanga. "Picha_mpya_kabisa2" haimsaidii mtu.

Hatua ya 2. Ukirekebisha mwangaza, rekebisha picha nzima. Usikoleze mpaka mandharinyuma yawe meupe pe, maana bendi hafifu (mistari inayoonyesha protini) hupotea nayo. Usifute doa hata kama linakuudhi.

Hatua ya 3: kukata na kuunga. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Tuseme safu za SKOV3 na OVCAR3, aina mbili za seli za saratani ya ovari, hazikukaa jirani kwenye jeli. Unaweza kuzisogeza iwapo zimetoka membreni moja (karatasi ambayo protini huhamishiwa kutoka kwenye jeli) na mwanga mmoja, lakini weka mstari unaoonekana pale ulipounga, na maelezo ya picha yaseme hivyo. Jeli mbili zisivishwe sura ya jeli moja. Aktini, protini inayoonyesha kama kila safu ilipata kiasi sawa cha sampuli, nayo itoke kwenye membreni ileile, la sivyo hailindi ulinganisho wako.

Acha nafasi juu na chini ya bendi, na andika uzito wa protini kwa kilodaltoni. Chukua protini ya p53: SKOV3 haina protini hiyo, kwa hiyo safu yake tupu ni ushahidi kwamba kingamwili yako, molekuli inayoinasa protini unayoitafuta, hainasi protini nyingine. Kuna wanaoikata eti haipendezi! Ukiona bendi pale, chunguza kwanza kama sampuli zimebadilishana.

Hatua ya 4. Kwenye picha za hadubini tumia mstari wa kipimo, si "x200", kwani ukubwa hubadilika picha ikipunguzwa. Picha za seli zilizopenya utando, kwenye jaribio la kupima uwezo wa seli kusambaa, hufanana mno; zipange zote kwenye ukurasa mmoja, zizungushe, tafuta kingo zinazopishana. Elisabeth Bik, mtafiti anayechunguza picha za makala za sayansi, na wenzake walikagua makala 20,621 za tiba na baiolojia, na mwaka 2016 wakaripoti kwamba 3.8% zilikuwa na picha zilizojirudia isivyofaa. Nyingine huenda zilikuwa faili zilizochanganywa tu.

Hatua ya 5. Weka jeli nzima kwenye kiambatisho, na uchore kisanduku kuonyesha kipande ulichotumia. Jeli za marudio nazo ziingie.