Mpako wa chuma usibanduke: jaribu kwenye ukanda kabla ya kugusa shafti

Shafti ya pampu ilikuwa imelika kwenye beringi, tukaijaza kwa kupulizia chuma kilichoyeyushwa. Jioni ilipendeza. Asubuhi mpako ulikuwa umeachia pembeni, ukucha unaingia. Tulilaumu upigaji mchanga (kurusha mchanga kwa hewa ili kukwaruza chuma) na usafi, kumbe mpako ulijing'oa wenyewe.

Kila tone likitua huganda papo hapo na kutaka kusinyaa, ila lililo chini limelishika. Linabaki limewambwa kama ngozi ya ngoma. Ukiongeza unene, mvuto nao unaongezeka, na mwisho ukingo huachia. Huo ndio mkazo uliobaki, na unaweza kuuona kwa macho.

Hatua ya 1. Kata ukanda wa chuma wa 200 × 25 mm, unene 1.5 mm. Upige mchanga pande zote mbili sawasawa. Ukipiga upande mmoja, mchanga peke yake utaupinda na kipimo kitakudanganya.

Hatua ya 2. Ubane kwenye bamba nene, upashe moto hadi karibu 100 °C, upulizie kwa umbali, mwendo na unene utakaotumia kwenye shafti.

Hatua ya 3. Subiri upoe kabisa ndipo ufungue. Ulaze mezani, mpako juu. Ncha zikiinuka, mpako unavuta. Pima mwanya kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), uandike. Katikati kukiinuka, mpako unasukuma. Hali hii huonekana zaidi kwa bunduki za mwendokasi mkubwa zinazorusha unga, kwa sababu chembe hufua matabaka ya chini kama nyundo.

Hatua ya 4. Ncha zimeinuka sana? Punguza unene wa kila mpito wa bunduki, ongeza mwendo, puliza hewa kavu pembeni ili joto lisipite 150 °C. Badilisha jambo moja tu, kisha chukua ukanda mpya.

Hatua ya 5. Sasa shafti. Miisho ya sehemu uliyochonga ili ipokee mpako iwe na mteremko, isiwe kona kali, maana hapo ndipo ufa huanzia. Tanguliza tabaka la nikeli na alumini. Shafti ipate joto kwanza ili isinyae pamoja na mpako. Ikiwa baridi, mpako utaikaba mpaka upasuke. Iache ipoe ikizunguka polepole, usimwagie maji.

Ndani ya tundu mambo hugeuka: mpako ukisinyaa unaukimbia ukuta badala ya kuukumbatia. Huko mimi hupaka tabaka jembamba tu, na sipulizii kabla ukanda haujakaribia kunyooka.