Jinsi ya kuchagua pazia la kushonesha kwa chumba cha kulia, Lamu

Wengi wanaokuja kushonesha mapazia huanza na rangi. Mimi, kwa miaka niliyokaa nyuma ya cherehani katika mji wa Lamu, huwauliza kwanza: je, kwenu huliwa mezani au mkekani? Jawabu la swali hilo huamua urefu wa pazia na uzito wa kitambaa, kwani chumba cha kulia si chumba cha kulala wala si ukumbi wa kukaribishia wageni rasmi. Ni mahali penye mvuke wa wali, harufu ya samaki na mikono ya watoto yenye mchuzi, na kwetu sisi kuna pia upepo wa chumvi, uwe wa kaskazi au wa kusi.

Nilipokuwa ningali mchanga katika kazi hii, nilimshonea mama mmoja mapazia ya mahameli mazito, rangi ya zabibu, na siku ya kuyatundika kila aliyeingia aliyasifu. Baada ya miezi miwili aliniita, akanishikisha pindo na kuniambia, “Hebu nusa, fundi.” Lilikuwa likinuka ng’onda, samaki wa kukaushwa. Kuyafua nako kulikuwa taabu, kwa sababu mahameli yakilowa huwa mazito kama godoro, na yakikauka vibaya manyoya yake hulala yasiinuke tena. Tangu siku hiyo simshauri mtu kutundika mahameli mahali panapoliwa, hata akiwa na fedha za kutosha. Kinachofaa ni kitambaa kinachofulika nyumbani: pamba ya uzito wa kati, kitani, au pamba iliyochanganywa na poliesta. Hariri huharibiwa haraka na jua, kwa hiyo iache kwa matumizi mengine.

Kabla ya kununua, omba kipande kidogo, ukikate mraba wa sentimita 20 kwa 20, ukifue kwa sabuni, ukianike juani, kisha ukipime tena. Kikibaki sentimita 19 kwa urefu, kitambaa hicho kimerudi kwa asilimia 5, na katika pazia la sentimita 245 upungufu huo unazidi sentimita 12, kiasi cha kulifanya pazia lining’inie kama suruali ya mtoto aliyekua ghafla. Wakati kipande kingali kimaji, kisugue kwa kitambaa cheupe uone kama kinachuja. Kikishakauka, kishike mbele ya dirisha wakati wa chakula cha mchana, na usiku ukitazame tena chini ya taa, ukiwa umeketi pale pale unapokula. Anayeketi mkekani huliona pazia kutoka chini, na rangi iliyompendeza dukani akiwa amesimama huenda ikamwelemea.

Upande ambao nyumba imeelekea nao una neno. Nyumba za mbele ya bahari, zinazotazamana na kisiwa cha Manda, hupigwa na jua la asubuhi, kwa hiyo pazia lake litiwe bitana ili kitambaa cha mbele kisipauke. Nyumba za ndani ya mitaa, ambako vichochoro ni vyembamba na mwanga mwingi huingia kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, hazina haja ya bitana. Humo ningechagua rangi ya maziwa au ya mchanga, na kitambaa chepesi kinachopitisha hewa.

Vipimo vichukuliwe baada ya fimbo kufungwa ukutani, si kabla, maana pazia hupimwa kutoka kwenye fimbo wala si kutoka kwenye dirisha. Fimbo ipite kila upande wa dirisha kwa sentimita 15 hadi 20, ili pazia likifunguliwa lisizibe mwanga. Tuseme fimbo ina sentimita 180, na kutoka kwenye fimbo hadi sakafuni ni sentimita 220. Upana huzidishwa mara mbili ili marinda yajae, hivyo tunahitaji sentimita 360. Urefu huongezwa sentimita 15 za pindo la chini na 10 za juu, jumla 245. Kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 150 tutahitaji vipande vitatu, yaani mita 7.35, na tukihesabu kurudi kwa asilimia 5 tununue mita 8. Kikiwa kitambaa cha mapazia chenye upana wa sentimita 280, hulazwa ubavu, upana wake ukawa ndio urefu wa pazia, na mita 4 hutosha bila mshono wa katikati. Kitambaa chenye maua makubwa huhitaji zaidi, kwa sababu maua ya kipande kimoja lazima yalingane na ya kipande cha pili.

Nunua chote kwa mara moja na kutoka jora moja. Kikipungua na ukalazimika kuagiza kingine Mombasa, kikafika Mokowe, upande wa bara, kwa basi na kuvushwa kwa boti, huenda ukakuta rangi yake imepishana kidogo na ya kwanza, na tofauti hiyo haifichiki dirishani.

Kwa wanaokula mezani, pazia liishie sentimita 1 au 2 juu ya sakafu. Kwa wanaokula mkekani napendelea liishie chini kidogo tu ya kizingiti cha dirisha, kwani refu litakuwa kitambaa cha kufutia mikono. Fimbo na pete ziwe za mbao. Chuma cha kawaida hushika kutu kwa hewa ya bahari na kutia madoa yasiyotoka. Katika kuta za matumbawe na chokaa, mwambie seremala atafute mbao iliyo juu ya dirisha, kwa maana chokaa ya zamani humung’unyika na skrubu hulegea.

Agiza mapema. Kabla ya Idi mafundi huelemewa na kanzu na nguo za watoto, na mfungo sita, wakati wa Maulidi, mji hujaa wageni na kila nyumba hutaka kupambwa. Pazia likiwa tayari, usikubali pindo la chini lishonwe moja kwa moja: lipigwe bandi tu, yaani mshono wa muda, litundikwe siku tatu au nne ili kitambaa kishuke kwa uzito wake, kisha fundi aje nyumbani na futi yake, apime upya na kulimaliza. Salio la ujira mpe hapo.