Umepata kazi ya IT benki: uanzie wapi miezi mitatu ya kwanza

Mwongozo huu ni wa mtu aliyetoka chuo, kampuni ya programu au kampuni ya simu, na sasa ameajiriwa benki kwenye kitengo cha TEHAMA: msaada wa mifumo, mtandao, hifadhidata au kadi. Nauandika kwa mazingira ya Tanzania, ndiko ninakofanyia kazi. Aliye Nairobi au Kigali atabadilisha jina la mdhibiti na la mifumo ya malipo, mengine yatamfaa vilevile.

Ulikotoka ulisifiwa kwa kumaliza tatizo haraka. Benki nako watakusifu kwa hilo, ila watakuuliza kwanza: nani alikuruhusu, na rekodi iko wapi? Hatua zote zinazofuata zinazunguka swali hilo.

Hatua ya 1: Soma unachosaini

Kitambulisho cha NIDA, TIN, vyeti na barua za wadhamini utavipeleka kwa watu wa rasilimali watu, na hilo litaisha. Ugumu uko kwenye zile karatasi unazopewa usaini haraka haraka siku ya kwanza: tamko la usiri na sera ya matumizi ya mifumo. Zisome. Nyuma yake kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Maana yake kwa kazi ya kila siku ni rahisi. Shemeji atakupigia: "Mdogo wangu, hebu niangalizie kama ile hela imeingia." Mjibu kwa heshima apige huduma kwa wateja. Mfumo mkuu wa benki unaandika kila akaunti iliyofunguliwa, nani kaifungua na saa ngapi, na kuchungulia salio la mtu bila sababu ya kikazi kumewafukuzisha kazi watu wazuri tu.

Hatua ya 2: Omba ruhusa za mfumo, na ukatae za ziada

Wiki ya kwanza huenda ukakaa bila kuingia popote. Fomu inazunguka kwa meneja wako, kwa watu wa usalama wa mifumo, kisha kwa mwenye mfumo. Mwenzako atakuonea huruma akuambie utumie nywila yake. Mshukuru, usiitumie. Kitakachofanyika kwa jina lake atakijibia yeye, na kwenye uchunguzi mtaitwa wote wawili.

Ruhusa zikija, zikague. Benki inaendeshwa kwa kanuni ya watu wawili: mmoja anaingiza muamala, mwingine anauidhinisha. Ukikuta akaunti yako inaweza yote mawili, andika barua pepe siku hiyo hiyo uombe ipunguzwe. Omba pia akaunti ya kusimamia seva iwe tofauti na ile unayosomea barua pepe.

Hatua ya 3: Chora njia ya hela

Hii ndiyo hatua ya kuipa muda kuliko zote, na vijana wengi huiruka kwa sababu hakuna anayewatuma kuifanya. Chukua karatasi, chagua muamala mmoja, uufuate kutoka mkononi mwa mteja hadi kwenye leja.

Anza na ATM. Mteja wa benki nyingine anachomeka kadi kwenye mashine yenu. Namba yake ya siri inafichwa palepale kwenye vitufe, inasafiri ikiwa imefichwa, na hakuna mtu wa IT anayetakiwa kuiona wazi. Mashine inaongea na swichi ya benki yenu, yaani mfumo unaoelekeza miamala ya kadi, siyo kile kifaa cha mtandao. Swichi inatengeneza ujumbe wa ISO 8583, muundo wa kimataifa wa ujumbe wa kadi, wenye namba 0200 na kuutuma kwenye mtandao wa kadi, uwe Visa, Mastercard au Umoja Switch, hadi benki ya mteja. Jibu linarudi na namba 0210, ndani yake kukiwa na tarakimu mbili za kukariri mapema: 00 imekubaliwa, 51 salio halitoshi, 54 kadi imeisha muda, 55 namba ya siri si sahihi, 91 benki ya mteja haipatikani.

Faida yake utaiona simu ya kwanza kutoka tawini. "ATM inakataa kadi!" Usikimbilie kuizima na kuiwasha. Angalia majibu kwenye swichi. Ikiwa ni 91 mfululizo na zote ni kadi za benki moja, mashine yenu haina shida, tatizo liko kwao au njiani. Ikiwa ni 55 kwa kadi moja, ni mteja na kumbukumbu yake.

Sasa fikiria muamala umekubaliwa, akaunti imekatwa, hela haikutoka. Swichi inatakiwa kutuma ujumbe wa kurudisha, 0420 au 0400 kutegemea mfumo. Mtandao ukikatika sekunde hiyo, mteja anabaki kakatwa na mfuko mtupu. Atakayemrudishia hela yake ni mtu wa usuluhishi wa hesabu, anayelinganisha rekodi za pande zote, na ushahidi anaoutegemea ni kumbukumbu ya miamala iliyoko ndani ya mashine. Ndiyo maana kabla ya kugusa ATM yenye malalamiko, kumbukumbu ile inahifadhiwa kwanza.

Ukimaliza ATM, chora malipo kwenda benki nyingine. Makubwa hupita TISS, mfumo wa Benki Kuu wa malipo kati ya benki ulioanza mwaka 2004. Ya papo kwa papo, pamoja na ya kwenda kwenye pochi za simu, hupita TIPS, mfumo wa taifa wa malipo ya papo kwa papo. Weka alama kila mahali ambapo seva yako inahusika. Michoro hiyo mpeleke mtu wa fedha aikosoe, siyo mtu wa IT. Atakuonyesha sehemu ambazo wenzako wenyewe hawazijui.

Hatua ya 4: Jifunze saa za benki

Siku ya benki haiishi saa sita usiku. Inaisha kazi ya kufunga siku ikikamilika: mfumo unahesabu riba, unatekeleza makato ya mikopo na maagizo ya kudumu, unatoa ripoti, halafu unageuza tarehe. Mfumo mkuu wenu uwe T24, Finacle au Flexcube, mantiki ni hiyo. Ikikwama saa nane usiku na matawi yanafungua asubuhi, mna saa chache tu za kuhangaika.

Omba kukaa na anayeifunga siku, usiku mmoja wa kawaida na mwingine wa mwisho wa mwezi. Utaona tofauti kwa macho: riba za mwezi mzima, makato, ripoti ndefu. Mambo mawili ya kuuliza: ni hatua gani huwa inakwama, na ikikwama anapigiwa nani. Kisha weka kwenye kalenda yako siku za mishahara na mwisho wa mwaka. Siku hizo hakuna anayetaka kusikia habari za kusasisha seva.

Hatua ya 5: Usidharau tiketi ndogo

Mgeni hupewa tiketi, yaani maombi ya msaada, za printa, kibodi na nywila zilizosahaulika. Zifanye kwa moyo, na uulize kila mara: kifaa hiki kinamfanyia nani kazi gani?

Februari 2016, Benki Kuu ya Bangladesh iliibiwa kwa maagizo ya uongo yaliyotumwa kupitia SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumiana maagizo ya malipo, kwenda Benki ya Akiba ya Shirikisho ya New York. Maagizo yalikuwa 35, yenye thamani ya karibu dola milioni 951. Mengi yalizuiwa, lakini dola milioni 81 zilifika Ufilipino. Printa iliyokuwa ikichapa taarifa za miamala hiyo ilikuwa haifanyi kazi, kwa sababu wezi walikuwa wameihujumu, na wafanyakazi wakadhani ni hitilafu ya kawaida. Ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko kule.

Kwa hiyo ukiambiwa printa ya chumba cha malipo haichapi, usiseme "nakuja baada ya chai". Na ukifika, kabla ya kugusa waya, muulize anayeitumia: mara ya mwisho ilichapa nini, na nini kilitakiwa kuwa kimechapwa tangu hapo?

Hatua ya 6: Omba badiliko lako la kwanza

Hakuna kubadilisha kitu kwenye mfumo unaohudumia wateja bila kibali cha kamati ya mabadiliko. Fomu ya mtu mvivu husema: "Lini: usiku. Kurudi nyuma: tutarudisha ilivyokuwa." Inarudishwa, na inastahili. Iandike hivi:

- *Nini:* Kufungua njia kutoka seva ya ripoti kwenda seva ya barua pepe, mlango 587 pekee.
- *Kwa nini:* Taarifa za akaunti za kila mwezi haziwafikii wateja, tiketi imeambatishwa.
- *Lini:* Jumatano saa kumi hadi kumi na moja alfajiri, baada ya kufunga siku kukamilika.
- *Jaribio:* Limefanyika kwenye mazingira ya majaribio, matokeo yameambatishwa.
- *Kurudi nyuma:* Kuondoa kanuni hiyo moja ya firewall; nakala ya mipangilio ya sasa imehifadhiwa. Dakika tano.
- *Wa kuthibitisha:* Ofisa wa huduma kwa wateja, atapokea taarifa moja ya majaribio.

Ikiwa badiliko linagusa data, endesha kwanza swali la kusoma (SELECT) lenye masharti yaleyale, uhesabu safu mlalo zitakazoguswa, namba hiyo uiandike kwenye fomu. Siku ya utekelezaji namba ikitofautiana, simama, hata kama bosi yuko nyuma yako anahimiza.

Hatua ya 7: Wakaguzi

Watakuja wa ndani, wa nje, na wa Benki Kuu. Wataomba orodha ya watumiaji wa mfumo, walioacha kazi lakini akaunti zao bado ziko hai, na ushahidi kwamba bekapu ilijaribiwa kurejeshwa, siyo kwamba ilichukuliwa tu. Jibu ulichoulizwa. Usichokijua sema utakileta, na ukilete. Mimi naona mkaguzi mkali ni msaada kwa mtu wa IT: bajeti ya seva mliyoinyimwa miaka miwili hupatikana ghafla ikishaandikwa kwenye ripoti yake.

Hatua ya 8: Zamu yako ya kwanza ya usiku

Kabla ya kuikubali, hakikisha una namba za simu za watu watatu: wa mfumo mkuu, wa mtandao, na meneja mwenye mamlaka ya kuidhinisha dharura. Zijaribu mchana. Fungua daftari la zamu, na kila tukio liandike wakati linatokea, siyo asubuhi: saa, ulichokiona kwenye skrini neno kwa neno, uliyempigia, alichokuruhusu, ulichofanya. Ukirudi kulala bila tatizo kuisha, andika pia umemkabidhi nani, na asaini.