Kitufe kisicho na jina: namna ya kukwepa nyongeza za bili kwenye migahawa na baa za watalii

Kwa miaka sita nilikuwa keshia katika mkahawa ambao wateja wake karibu wote walikuwa watalii. Kwenye mashine yangu palikuwa na kitufe kimoja kisichoandikwa kitu. Nikikibonyeza, bili inapanda kwa asilimia 10. Maelekezo ya meneja yalikuwa mafupi: wenyeji waache, wageni wabonyezee, na kundi la watu wanane na zaidi bonyeza mara mbili. Maelezo ya nyongeza hiyo yalikuwepo kweli kwenye menyu, ukurasa wa mwisho kabisa, chini ya orodha ya mvinyo, kwa herufi ambazo hata mimi nilizisoma kwa kuinamia. Nilikibonyeza mara nyingi mno, na bado linaniuma. Haya ninayoandika ndiyo niliyotamani kumwambia kila mgeni aliyepita mbele yangu akitafuta meza.

Jambo zito kuliko yote ni hili: mteja ana nguvu kabla ya kuagiza. Akiwa bado amesimama mlangoni, meneja anamtaka aingie. Akishakula, hana tena cha kumtishia nacho mtu, na meneja anajua kwamba kesho au keshokutwa mgeni huyo ana safari. Wageni waliouliza mlangoni walikuwa wachache, lakini simkumbuki hata mmoja kati yao aliyetozwa kile kitufe. Mhudumu alikuwa akija kuninong'oneza, "Meza ya nne wameuliza," nami naelewa.

Swali lenyewe lina namna yake. Ukiuliza, "Bei ni hizi tu?" utajibiwa ndiyo, na mhudumu hatakuwa amekudanganya, kwa sababu kwake kodi na huduma si bei. Taja kimoja kimoja: "Juu ya bei hizi mnaongeza huduma? Kodi? Malipo ya kukalia meza? Muziki? Kutumia kadi?" Ni sekunde kumi tu. Kisha piga picha menyu kwa simu: ukurasa wa vyakula utakavyoagiza, na ukurasa wa mwisho wenye maandishi madogo. Kama menyu inafunguliwa kwenye simu, picha ni ya lazima zaidi, maana bei za humo hubadilishwa wakati wowote na asubuhi hutakuwa na la kuonyesha. Na kama ubao wa barabarani una bei moja na menyu ya mezani ina nyingine, hilo peke yake latosha kukuondoa.

Sasa tuingie kwenye nyongeza zenyewe, tuanze na ada ya huduma, maana ndiyo kubwa. Kila nchi ina taratibu zake, na kutozijua ndiko kunakowaponza wageni. Ufaransa, tangu 1987, bei inayoandikwa kwenye menyu ni lazima iwe na kodi na huduma ndani yake. Maneno "service compris" yana maana kwamba umeshalipa, na chochote utakachoacha mezani ni zawadi. Uingereza, hasa London, utakuta asilimia 12.5 imeshajumlishwa, na kando yake neno "discretionary". Maana yake ni hiari: unaruhusiwa kusema iondolewe. India, mamlaka kuu ya kulinda watumiaji ilipiga marufuku mwaka 2022 kuongeza ada ya huduma moja kwa moja kwenye bili, wenye migahawa wakaenda mahakamani, na Machi 2025 Mahakama Kuu ya Delhi ikaupa nguvu msimamo wa mamlaka hiyo. Kwa hiyo ukiwa huko na ukaiona kwenye bili, una haki ya kuikataa.

Singapore wao huweka alama mbili za kujumlisha, "++", baada ya bei. Alama ya kwanza ni huduma, kwa kawaida asilimia 10. Ya pili ni kodi, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 9. Wengi hujumlisha wakapata 19, lakini kodi inatozwa juu ya bei pamoja na huduma. Chakula cha 100 kinakuwa 110 kwanza, halafu 119.90. Tofauti ni ndogo kwa sahani moja, ila kwa meza ya familia nzima utaiona.

Marekani ndiko watu hulipa huduma mara mbili bila kujua. Kundi likiwa kubwa, mara nyingi kuanzia watu sita au wanane, migahawa mingi hujiongezea asilimia 18 au 20, na katika sehemu zenye watalii wengi kama Miami Beach hata meza ya wawili inaweza kukutwa nayo. Sheria ya Florida, jimbo ilimo Miami Beach, inataka nyongeza hiyo itajwe kwenye menyu na kwenye bili. Baada ya hapo karatasi ya kadi inaletwa ikiwa na mstari mtupu wa bakshishi, na mgeni aliyesoma kwamba Wamarekani hutoa asilimia 20 anaujaza. Kabla hujaujaza, rudi kwenye bili, tafuta neno "gratuity" au "service". Likiwepo, piga mstari mahali pa bakshishi na uandike jumla ileile.

Nizungumze kidogo kuhusu wahudumu, maana hapa wageni hukosea wakawaumiza wasiohusika. Ile asilimia 10 niliyokuwa naibonyeza, wahudumu wetu hawakuiona hata senti moja. Iliingia kwenye hesabu ya tajiri. Mgeni akaona ameshatoa ya huduma, akaondoka bila kuacha kitu, na kijana aliyemhudumia kwa muda wa saa tatu akarudi nyumbani na mshahara mtupu. Uingereza walitunga sheria kwa ajili ya hilo: tangu Oktoba 1, 2024 mwajiri hana ruhusa ya kubaki na bakshishi wala ada ya huduma. Kwingine, muulize mhudumu taratibu, meneja akiwa mbali: "Hii inawafikia ninyi?" Akisita, mpe yake mkononi, na ile ya kwenye bili, kama ni ya hiari, omba ifutwe.

Ya pili ni malipo ya kukaa. Italia huitwa "coperto" na hutozwa kwa kila kichwa, ule kingi au kidogo. Inatakiwa iandikwe kwenye menyu, kwa hiyo itafute kabla ya kuagiza, kisha izidishe kwa idadi yenu kichwani ujue unaanzia wapi. Japani, kwenye baa nyingi za jioni, kabakuli kadogo ka chakula hutangulia kabla hujaomba chochote. Kanaitwa "otoshi", nako kanalipiwa kwa kila mtu. Si wizi, ndivyo meza inavyolipiwa huko, ila jua kwamba kapo.

Ureno mambo ni tofauti, na wageni wengi hawajui. Mkate, zeituni na jibini huwekwa mezani kana kwamba ni ukarimu wa nyumba, halafu vinatokea kwenye bili kwa jina la "couvert". Sheria ya 2015 inasema hakuna chakula wala kinywaji, "couvert" ikiwemo, kinachoweza kutozwa kama mteja hakukiomba wala hakukigusa. Kwa hiyo usikiguse, au mwambie mhudumu akirudishe papo hapo. Ukila zeituni moja umeshapoteza hoja. Mimi hufanya hivyo nchi yoyote: kitu nisichokiagiza kikitua mezani, nauliza bei kabla mkono haujakifikia. Maji yamo kwenye fungu hilihili. Ufaransa na Uhispania ukiomba maji ya bomba wanatakiwa wakupe bure, lakini ukisema "maji" tu italetwa chupa.

Vitu vinavyouzwa kwa uzito ndivyo vilivyoleta machozi mengi kwenye kaunta yangu. Menyu inaandika bei ya samaki, na mgeni anadhani ni ya samaki mzima, kumbe ni ya gramu 100. Samaki wa kilo moja na robo ni mara kumi na mbili na nusu ya bei uliyoisoma. Pia kuna "bei ya soko", ambayo si bei bali ni ahadi ya kukutajia baadaye. Fanya hivi: mwambie mhudumu amlete samaki umwone, apimwe mbele yako akiwa mbichi, kisha aandike kwenye kijitabu chake jumla ya fedha, si bei ya kila kipimo. Piga picha karatasi hiyo. Niliona wageni watano au sita kwa miaka yote ile waliofanya hivyo, na jikoni walichaguliwa samaki wa kiasi. Ambao hawakuuliza walipelekewa mkubwa kuliko wote kwenye barafu.

Kwenye baa hali ni ngumu zaidi, kwa sababu kuna giza, kelele na hakuna menyu. Italia na Ufaransa kinywaji kilekile kina bei moja ukisimama kaunta na nyingine ukiketi, na nje kwenye uwanja maarufu huwa ghali zaidi. Pale uwanja wa San Marco, Venice, mikahawa huongeza na malipo ya muziki bendi ikiwa inapiga. Australia huruhusu nyongeza ya wikendi na sikukuu, mradi menyu itaje asilimia yake na siku yake waziwazi. Pombe kali, taja kipimo, la sivyo utamiminiwa mara mbili. Usiache kadi yako kaunta usiku kucha. Lipa kila mzunguko, maana bili ya vinywaji kumi na vinne haina mtu anayeweza kuikagua saa nane ya usiku. Na mtu usiyemjua akikualika kwa uchangamfu kwenye baa "anayoijua yeye", iwe Budapest, Istanbul au popote, usiende. Bili itakuja ya mamia ya euro, na wanaume wawili watasimama mlangoni.

Bili ikija, isome kutoka chini kwenda juu. Chini ndiko kulikojificha mambo: asilimia, kodi, malipo ya meza. Ukimaliza, panda juu uhesabu sahani. Vitu vingi visivyoagizwa nilivyowahi kuviona kwenye bili zetu vilikuwa katikati, chupa ya maji ya tatu pale ambapo mezani mlikuwa na mbili. Bili ya mkono isiyo na mchanganuo ikatae, omba iliyochapishwa. Ugiriki imeandikwa kwenye menyu kwamba mteja halazimiki kulipa kama hajapewa risiti halali.

Mashine ya kadi ina mtego wake wa mwisho. Itakuuliza ulipe kwa fedha ya nchi uliyopo au ya nchi yako. Chagua ya nchi uliyopo, siku zote. Ukichagua ya kwenu, wenye mashine ndio wanaopanga kiwango cha kubadilishia, na kiwango hicho kina faida yao ndani. Shika mashine mwenyewe na usome, kwa sababu wahudumu wengi hubonyeza kabla ya kukupa.

Ikibidi kulalamika, usimpigie kelele mhudumu. Muite meneja, sema kwa sauti ya kawaida, onyesha picha ya menyu, na weka kidole kwenye mstari unaoukataa. Lipa visivyo na ubishi. Wakikataa kabisa na huoni usalama, lipa kwa kadi, chukua risiti, andika juu yake kwamba umelipa huku ukipinga, kisha peleka picha na risiti kwa benki yako na kwa ofisi ya kulinda watumiaji ya nchi hiyo.

Nakumbuka mama mmoja wa makamo aliyekuja kaunta na simu mkononi, akaniambia kwa upole kwamba mstari wa chini haumo kwenye menyu aliyopewa. Na kweli, kwenye menyu fupi ya mchana ule ukurasa wa mwisho haukuwepo. Meneja akaangalia picha, akanigeukia, akasema, "Itoe." Nikaufuta ule mstari wa kitufe, nikachapisha bili upya.