Mashine ya kuosha vyombo ya kabatini: anza na maji

Mimi ni fundi wa vifaa vya stima vya nyumbani, Mombasa. Zamani kazi yangu ilikuwa friji na mashine za kufulia. Siku hizi kuna nyumba za ghorofa huku Nyali na Shanzu ambazo mtu akikabidhiwa ufunguo, anakuta jikoni mashine ya kuosha vyombo imeshapachikwa kati ya makabati. Simu ninazopigiwa zinafanana: "Fundi, hii mashine haioshi." Nikifika, mara nyingi hakuna kilichoharibika. Shida ni maji, au namna vyombo vilivyopangwa. Utaratibu huu ndio ninaowafundisha wateja wangu, na naufuata hivihivi nikiwa jikoni kwao.

Hatua ya 1: Hakikisha maji na stima vinatosha

Ndani ya mashine hamna brashi wala kitu cha kusugua. Pampu inayasukuma maji ya moto hadi kwenye mikono miwili inayozunguka, mmoja chini na mwingine juu, nayo inayarusha kwenye vyombo. Maji yanashuka, yanachujwa, yanarushwa tena yaleyale. Ndiyo maana osho moja la kawaida hutumia takriban lita 10 tu.

Lakini hizo lita 10 lazima ziingie. Mashine nyingi zinataka msukumo usiopungua nusu baa, yaani maji yashuke kutoka kimo cha mita 5 hivi. Ukikaa ghorofa ya juu kabisa na tangi liko juu ya kichwa chako, mita 2 tu, mashine itangoja maji mpaka ikate tamaa na kuonyesha hitilafu. Hapo unahitaji pampu ndogo ya kuongeza msukumo.

Upande wa stima, hita hula wati 2,000 au zaidi. Ipe soketi yake ya ampea 13 yenye ethi, usitumie ekstensheni. Ukitaka kuikinga na stima inayopanda na kushuka, usiiwekee kile kikinga cha friji cha ampea 5, kitaungua.

Mpira wa maji machafu nao uangalie. Unatakiwa upande juu hadi karibu na kaunta ndipo ushuke kwenye bomba la sinki. Ukilala chini moja kwa moja, uchafu wa sinki unarudi ndani ya mashine.

Hatua ya 2: Tia chumvi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoua mashine nyingi huku kwetu.

Maji ya visima vya pwani yamepita kwenye mawe ya matumbawe, mawe yaleyale tunayoyachoma kupata chokaa. Yanatoka yakiwa na chokaa iliyoyeyuka. Utayajua: sabuni inakataa kutoa povu, na birika la stima linaota ukoko mweupe ndani. Ukoko huohuo hujifunga kwenye hita ya mashine, huziba matundu ya mikono, na hubaki kwenye glasi kama ukungu.

Mashine nyingi zinazotengenezwa kwa soko la Ulaya zina kilainisha maji, na mdomo wake uko kwenye sakafu, chini ya kikapu cha chini. Ndani mna vipunje vinavyonasa chokaa. Vikishajaa, mashine huvisuuza kwa maji ya chumvi, chokaa inang'oka na kutoka na maji machafu. Ikiwa kifuniko kimefungwa sawasawa, chumvi hiyo haigusi sahani zako.

Mama mmoja wa Nyali aliniita kwa sababu glasi zake zilikuwa nyeupe kama zimechovywa kwenye maziwa. Nilitoa kikapu cha chini, nikafungua kifuniko, nikachota kwa kijiko: maji matupu, hata chembe ya chumvi hamna. Mashine ilikuwa na miaka miwili. Akaniambia, "Lakini fundi, maji yetu yenyewe ni ya chumvi. Nitie chumvi nyingine ya nini?" Swali hilo nalisikia sana, na lina mantiki yake. Jibu ni kwamba munyu na chokaa ni vitu viwili. Kilainisha hutoa chokaa tu. Kama kisima chako kina munyu wa kweli, ule unaousikia ulimini, mashine haiuondoi, na munyu huo utakula chuma chake polepole. Kwa maji hayo nakushauri uiunganishe na tangi la maji matamu.

Kutia chumvi ni hivi. Fungua kifuniko. Ikiwa ni mara ya kwanza kabisa, mimina kwanza lita moja hivi ya maji. Halafu tia chumvi kwa faneli mpaka ijae, kilo moja au zaidi kidogo. Maji yatafurika, usijali. Futa chembe zilizobaki kwenye hesi za mdomo, kaza kifuniko, kisha washa mashine papo hapo, kwa sababu chumvi iliyomwagika ikilala usiku kucha inaanza kutoboa stili. Tumia chumvi ya mashine, ile ya mawemawe. Ya mezani ni laini mno, inaganda, na ina madini ya joto na vitu vingine vilivyoongezwa.

Mwisho, weka kiwango cha ugumu wa maji kwenye mashine kwa kufuata kijitabu chake. Vipo vikaratasi vya kupimia. Unachovya na kulinganisha rangi. Vile vidonge vya sabuni vinavyouzwa kuwa vina kila kitu ndani havitoshi kwa maji magumu kama haya.

Na zile glasi? Paka siki, subiri dakika chache, sugua. Ukungu ukitoka, ilikuwa chokaa. Usipotoka, kioo chenyewe kimeshalika, hakirudi tena. Za yule mama zilitakata zote isipokuwa tatu.

Hatua ya 3: Panga vyombo

Kwangua mabaki, basi. Usivisuuze mpaka ving'ae. Sabuni ya mashine ina vimeng'enya vinavyokula wanga na protini, viachie kazi yao. Isipokuwa ukoko wa wali na sufuria ya ugali: hizo ziloweke kwanza.

Chini weka sahani zikitazama katikati, na sufuria za stili kifudifudi. Juu weka vikombe, glasi na vibakuli. Visu ncha chini. Vijiko vichanganye na uma, visikumbatiane. Kabla ya kufunga mlango, zungusha kila mkono kwa kidole. Ukigonga mpini wa sufuria, nusu ya vyombo haitapata maji.

Usitie kabisa: sufuria za aluminiamu (zitakuwa nyeusi), dele la kahawa na sinia za shaba, mwiko, mbuzi ya kukunia nazi, visu vya mpini wa mti, chungu cha udongo.

Hatua ya 4: Sabuni na programu

Unga au kidonge cha mashine, si sabuni ya maji ya sinkini. Hiyo hujaza povu, na linaweza kumwagika hadi sakafuni. Likikutokea, zima, toa maji kwa programu ya kutoa maji, chota povu kwa bakuli, suuza mara kadhaa.

Dawa ya kung'arishia iwe nayo, inayafanya maji yateleze badala ya kukauka kwa madoa. Programu ya kuokoa stima huchukua saa 3 au zaidi kwa nyuzi 50 hivi, si ubovu. Ya nyuzi 65 hadi 70 iweke kwa siku ya pilau. Stima ikipotea katikati, acha mlango umefungwa. Mashine nyingi zitaendelea zilipoachia.

Hatua ya 5: Usafi

Kila wiki zungusha chujio, litoe, lioshe kwa brashi laini. Mafuta ya tui hujificha kwenye wavu wake mwembamba, na harufu huanzia hapo. Kila mwezi chomoa mikono, zibua matundu kwa kijiti cha meno, futa mpira wa mlango hasa ukingo wa chini, kisha washa mashine tupu kwa programu ya moto ukitumia dawa yake ya kusafishia au asidi ya limao ya unga. Dawa ya klorini isiingie humo: inakula stili, na ikikutana na asidi inatoa hewa ya sumu.

Hatua ya 6: Pampu ikikataa kunyamaza

Maji kidogo kwenye chujio ni kawaida. Lakini pampu ikinguruma bila kukoma na namba ya hitilafu ikatokea, mara nyingi maji yamevuja kwenye sinia lililo chini ya mashine, na boya lililomo humo limepanda na kuiwasha pampu. Funga koki chini ya sinki, zima soketi. Usiivute mwenyewe, imefungwa skrubu chini ya kaunta na mipira yake ni mifupi. Piga picha ya namba ya hitilafu na ya kibandiko cha modeli kwenye ukingo wa mlango, umtumie fundi wako kabla hajatoka nyumbani, aje na kifaa kinachofaa.